Pembe Ndani ya Mofa

Nilichoma pembe ya bibi yangu. Nasema mapema ili usije ukanihurumia kwa makosa. Niliitungua kwenye msumari wake, nikaificha ndani ya kanzu ya chuo cha Kurani, nikatoka nayo uani na kuitumbukiza ndani ya mofa, lile tanuri letu la udongo, lililokuwa limeshakolea moto kwa mkate wa jioni. Halafu nikasimama pale mkono kiunoni, nikiitazama kama mpishi wa harusi. Nilikuwa na miaka minane. Usiniambie habari za umri. Hata mbuzi angejua kwamba pembe haichomwi, maana anazo mbili na hajawahi kujaribu.

Harufu ile nilikutana nayo tena wiki jana, maabara. Mwalimu alitoka kidogo, jamaa wa meza ya mbele akainamia moto wa gesi kutafuta kalamu yake, na nywele zake zikashika. Si sana, kipara cha ukubwa wa chapati ndogo. Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mimi, ninayefukuzwa darasani kila wiki kwa kuchekesha watu, nilitoka mwenyewe bila kufukuzwa. Nilisimama ukutani nimekunja ngumi, nikatafuta mtu wa kumpiga na sikumpata. Mwalimu aliporudi akaniuliza, "Leo wewe ndiye hucheki? Unaumwa?" Nywele, kucha, kwato na pembe vikiungua harufu yake ni moja, na mimi harufu hiyo hunirudisha nyumbani Siyu, nikiwa na hasira zile zile, hazijapungua hata kijiko.

Basi sikilizeni, nyinyi mnaodhani nilizaliwa bila mshipa wa huzuni.

Kwetu, harusini, wanawake hupiga vugo. Kila mmoja hushika pembe ya nyati mkono wa kushoto na kijiti mkono wa kulia, wakagonga, ko, ko-ko, ko, na juu yake wakaimba. Pembe nzuri hurithiwa. Nyumbani kwetu zilikuwa mbili, zimetundikwa ukumbini, nyeusi, zimelainika kwa mikono ya watu waliokufa zamani. Moja ya Bibi Zena na moja ya Bibi Mwanaisha.

Hawa wawili walikuwa wake wenza. Babu yangu, baba yake Mama, aliwaoa wote, akafa kabla sijazaliwa, na wao wakabaki nyumba moja kwa sababu kila mmoja alisema hawezi kumwachia mwenzake nyumba. Bibi Zena ndiye aliyemzaa Mama. Alikuwa mrefu, mkavu, sikio moja halisikii, na sikio hilo alilitumia vizuri kuliko lile linalosikia. Bibi Mwanaisha hakuzaa. Alikuwa mfupi, mnene, amebakiwa na meno mawili, moja juu kulia na moja chini kushoto, akiyaita "wake wenza" kwa sababu hayajawahi kukutana.

Harusini walikuwa kama wengine tu. Kazi yao hasa ilikuwa nyingine. Mtu akifiwa, au akiachwa, au akipatwa na jambo likamfunga mdomo, na hitima ikasomwa na watu wakarudi makwao na yeye bado amegeukia ukuta, basi huitwa bibi zangu. Huja baada ya adhuhuri, wakakaa kwenye mkeka mbele ya mgonjwa, wakaanza kutukanana kwa nyimbo.

Walikuwa na masharti mawili. La kwanza, mgonjwa hatiwi mdomoni. Watatukanana wao, watamtukana marehemu mume wao, lakini mwenye huzuni haguswi. La pili ndilo dawa yenyewe. Katikati ya matusi huwa kuna kisa, kila mara cha Babu, na kisa hicho hukatwa. Wakifika pale patamu kabisa, wote wawili hulaza pembe mapajani, wakanyamaza, wakatazama boriti za dari kama wanaohesabu mchwa. Chai hupoa. Nzi husikika. Mgonjwa asiposema kitu, huinuka, wakaaga, wakarudi kesho. Hawaendelei mpaka mdomo ule ule uliofungika uulize wenyewe, "Kisha?"

Na ni haramu kumnong'oneza. "Kisha ya kufundishwa haiponyi," Bibi Zena alikuwa akisema.

Yuko msichana wa Mbwajumali aliyeachwa siku ya saba ya harusi yake. Huyo aliuliza siku ile ile, pembe hazijafika mapajani. Yuko mzee mmoja aliyezamiwa na nduguye. Kwa kuwa ni mwanamume, alikalishwa nyuma ya mlango asionekane. Siku nne kimya. Siku ya tano sauti ikatoka nyuma ya mlango, nzito, imejaa kutu: "Kisha ikawaje, enyi wanawake?" Bibi Mwanaisha alikuwa akilisimulia hilo kama watu wanavyosimulia hija.

Mimi nilikuwa mtoto, kwa hiyo nilipenya kila mkutano wa wanawake. Mizaha ninayowapa nyinyi darasani, mingi ni mali ya wizi kutoka kwenye mkeka ule.

Halafu Mama akamzaa Maryamu.

Mnajua kwetu mtoto mchanga hasifiwi. Ukimsifu, jicho litampata. Mgeni akiingia hutazama kitoto kizuri kama mwezi, akasema, "Mbaya huyu! Kama popo!" na mama mtu hufurahi. Bibi Zena alinipa kazi. Kila asubuhi kabla wageni hawajaanza kuja nimtangulie mdogo wangu nimtukane, ili matusi yangu yakae juu yake kama chandarua. "Weye una ulimi mchafu tangu kuzaliwa," aliniambia. "Yeo utafaa."

Sijawahi kupewa kazi nikaifanya vizuri hivyo. Nilimwita pweza wa kuchemsha. Nilimwita papai lililokaa juani. Nilimwambia kichwa chake kama cha mzee wa barazani aliyenyimwa kahawa. Naye alikuwa akinishika kidole, kimoja, kwa nguvu, huku nikimporomoshea. Asubuhi ya siku yake ya kumi na tisa alifungua macho akanitazama sawasawa, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayeuliza, wewe ndiye yule wa kelele? Nami nikasahau kazi. Nikainama sikioni mwake nikamwambia polepole, "Una mato mazuri." Mato, kwetu, ndiyo macho.

Adhuhuri homa ikampanda.

Walimpeleka zahanati, wakakuta kufuli kwenye mlango wake wa kijani. Mhudumu amesafiri, hakuna ajuaye anarudi lini. Wakateremka naye gatini wapate mashua ya kwenda Lamu, hospitali. Maji yalikuwa yametoka. Nyinyi wa mjini mmezoea bahari iliyopo siku zote. Sisi Siyu mkondo wetu ukipwa hubaki tope, mikoko na kaa. Mashua ilikuwa imelala ubavu juu ya tope kama punda aliyekataa mzigo. Kwa hiyo walikaa wakangoja, Mama amempakata Maryamu ndani ya leso, sisi tumewazunguka. Maji yalianza kuingia kwenye saa kumi. Yeye hakuyangoja.

Sasa ewe msomaji hodari wa hesabu, mpe mtoto wa miaka minane hizo namba umwone atapata jibu gani. Siku kumi na nane za matusi, mtoto mzima. Asubuhi moja ya sifa, mtoto amekufa. Nilimuua kwa maneno matatu. Sikumwambia mtu. Nilikwenda chuoni, nikarudi, nikala, na lile jambo likakaa tumboni kama kokwa la embe.

Watu walikuja. Nilichukia kila mmoja wao, kwa zamu, kwa haki, bila upendeleo. Nilimchukia aliyesema, "Ni ndege wa peponi huyo, mshukuruni Mungu." Nilimchukia aliyesema, "Bado kijana, utapata wengine," kama kwamba Maryamu ni sahani. Nilimchukia Baba, ambaye alikuja kutoka Kiwayu anakofanya kazi ya mashua, akazika, akakaa siku tatu, akarudi Kiwayu siku ya nne kwa sababu kazi haingoji. Zaidi ya yote nilichukia kwamba hakuna aliyemtaja jina. Walisema "yule mtoto". Walisema "ile amana". Alichinjiwa mbuzi, akapewa jina mbele ya watu, na watu wale wale wakalimeza pamoja na nyama.

Mama hakuwa akisema lolote. Alilala ubavu, uso ukutani, leso imemfunika kichwa. Ukimtia kikombe cha uji mkononi alikunywa. Ukimwita hakugeuka. Siku saba zikapita, zikapita kumi. Jirani yetu Bi Esha, mwenye tasbihi mkononi na pua katika kila nyumba, mtaalamu wa majini asiyeitwa na mtu, alianza kusema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mtaa wa pili, "Mtu hanyamai bure hivi. Huyu kuna aliyemfunga ulimi."

Siku ya kumi na moja, baada ya adhuhuri, bibi zangu wakatungua pembe.

Sikuamini. Nilidhani nyumba yetu wataionea haya. Nilisimama mlangoni nikawatazama wanavyokunja miguu kwenye mkeka, mbele ya mgongo wa Mama, na Bibi Zena akagonga mara mbili, akaimba na sauti yake ya bawaba isiyotiwa mafuta:

*Mke mwenza tumbo pipa,*
*leso kwako kitambaa;*
*ukivuta mbele hapa,*
*nyuma kwabaki balaa.*

Bibi Mwanaisha akamjibu, mashavu yanatikisika:

*Nawe miguu ya mwiko,*
*leso kwako ni bendera;*
*upepo ukija huko,*
*mji waona hasara.*

Wanawake waliokuwa wamekaa ukutani wakacheka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kile kicheko nilikisikia kama watu wanaovunja vyombo. Maryamu alikuwa ardhini siku kumi na moja tu. Na hawa ndio walionidanganya! Ndio walioniambia matusi ni dawa, matusi ni kinga, mtukane mdogo wako atakua. Niliyatoa matusi yote niliyokuwa nayo. Yalimfaa nini?

Kisa cha safari hii kilikuwa cha leso. Babu yangu alikuwa bahili, Mungu amrehemu, na sikukuu moja alinunua gora moja la leso, zile mbili zinazokwenda pamoja, akalikata katikati, kila mke nusu yake. "Ukijifunika juu," aliimba Bibi Zena, "chini ajua Mola." Siku ya kwanza waliishia pale wake wenza wawili, ambao hawakuwa wakisemezana mwaka mzima, wanagongana kisimani kila mmoja na kipande chake, wakatazamana, na mmoja akafungua mdomo. Pembe zikalala mapajani. Wakanyamaza. Mama hakugeuka.

Siku ya pili walifika pale wameafikiana, zamu ya kulala ni ya Bibi Mwanaisha, Babu anakoroma, na wao wawili wamepiga magoti gizani na sindano ya magunia, wanaushona msuli wake, ile nguo yake ya kiunoni, kwenye godoro. Pembe mapajani. Kimya. Mama hakugeuka.

Siku ya tatu alfajiri ilikuwa imeingia ndani ya kisa, adhana inaita, Babu anainuka na godoro linainuka naye. Kuuvua msuli hawezi, maana taa haimo, nguo nyingine haioni, na Babu alikuwa mtu wa heshima. Kuchelewa sala hawezi pia. Basi akatoka hivyo hivyo. Bibi Mwanaisha alisimama akaonyesha: anapita vichochoroni, godoro mgongoni, sufi inamwagika nyuma kama jogoo anayenyonyoka, punda wanakata kamba, paka wanapanda kuta. Akafika mlangoni pa msikiti. Imamu akageuka akamwona.

Pembe mapajani.

Na hapo nilimtazama Mama, nikaona mabega yake yanatikisika chini ya leso. Yanatikisika kweli kweli, kitanda kinalia. Alikuwa ameikamata leso kwa vidole akaibana mdomoni. Hakuna mwingine aliyeona, maana wote walikuwa wakitazama dari na bibi zangu. Mimi niliona. Mama yangu analia peke yake mbele ya watu thelathini wanaocheka, na wanaomliza ni mama yake mzazi na mama yake wa kambo, na wanamliza kwa ajili ya babu mmoja na godoro lake.

Nikaapa.

Kesho yake, saa tisa kasoro, bibi zangu walikwenda kwa jirani kuchukua maziwa. Pembe ya Bibi Mwanaisha ilitundikwa juu sana. Ya Bibi Zena niliifikia nikipanda kigoda. Yaliyofuata nimekwisha kuyakiri.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba pembe inayoungua, kwetu, ni tangazo. Wapo wanaofukiza pembe na kwato kumtoa mtu pepo. Kwa hiyo moshi ule mzito, mnene, wa kunata kooni, ulipopanda juu ya ukuta wetu, mtaa mzima ulielewa jambo moja tu: kwa kina Bi Zena kuna anayepungwa. Madirisha yakapigwa, pa, pa, pa, maana pepo akitoka hutafuta mlango ulio wazi. Akina mama wakavuta watoto wao ndani kwa masikio. Halafu, baada ya kufunga watoto, wao wenyewe wakaja mbio wasipitwe.

Wa kwanza alikuwa Bi Esha, chetezo cha ubani mkononi, amenuna kama mtu aliyenyimwa mwaliko wa harusi. "Mwampunga mtu hamunambii? Miye hapa ukutani?" Nyuma yake wanawake saba, wanane. Nyuma yao mwalimu wetu wa chuoni, ambaye walimkokota kutoka barazani na sahani ya kombe, yale maandishi ya dua yanayooshwa kwa maji akanyweshwa mgonjwa, na wino bado haujakauka. Yeye alibaki ukumbini, ameinamisha macho, anakohoa. Chumbani kukajaa moshi wa aina mbili.

Bi Esha akamwinamia Mama. "Wewe uliyemo humo," akasema, "watokea wapi? Wataka nini?"

Mama kimya.

"Ni wa Kihabeshi," Bi Esha akawageukia wenzake. "Wa Kihabeshi ndio wasiosema. Atataka mbuzi mweusi na pete ya fedha."

"Wa Kihabeshi gani," mwingine akasema. "Huyu ni wa baharini. Kamwandama pale gatini, maji yalipokuwa yakija."

"Wa baharini hupenda halua."

"Mbona hakuna halua?"

"Mtu alete halua, basi!"

Ningekuwa mtu mwingine ningecheka. Nilikuwa pembeni ya kabati, mikono imejaa masizi, ndipo nikamsikia Bi Esha akisema, "Na ndiye aliyemchukua yule mtoto. Huyo huyo. Mpaka atajwe jina lake ndipo atoke."

Nilijua jina lake. Lilikuwa langu.

Hapo bibi zangu wakarudi na maziwa. Walipitia uani. Nilimsikia Bibi Mwanaisha akisema, "Nani kachoma punda?" Halafu Bibi Zena akaingia chumbani na koleo, na kwenye koleo kipande cha pembe yake, kifupi kama kidole gumba, kinafuka moshi. Ilikuwa ya mama yake, na ya mama wa mama yake. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo wala sitaki kuuona tena. Kwa miaka hii yote, nikifikiri juu ya hasira, hunijia uso ule, na hunishangaza kwamba haukuwa na hasira hata kidogo.

"Jini lenu hili hapa," akawaambia. Akanitazama kanzu yangu yenye masizi. "Na jingine lile pale."

Nikapasuka. Nilipiga kelele mpaka mwalimu akaacha kukohoa. "Mwamliza! Kila siku mwaja kumliza! Nimemwona! Nyinyi mwacheka na yeye alia chini ya leso! Na matusi yenu si dawa, ni uongo! Nilimtukana siku zote hizo na siku moja tu nilimwambia ana mato mazuri, na akafa! Miye ndiye niliyemuua! Msimtafute jini, ni miye!"

Bi Esha akashusha chetezo. Ubani uliendelea kufuka kwa sababu wenyewe hauna adabu.

Halafu kitanda kikalia.

Mama aliketi. Leso ikamwangukia mabegani na nywele zimemsimama upande mmoja. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomjua. Alimtazama Bi Esha, akatazama chetezo, akatazama wanawake mmoja mmoja kama mtu anayewaandika, na sauti iliyotoka baada ya siku kumi na nne ilikuwa imekwaruza, lakini ilitosha mtaa.

"Tokani," alisema. "Tokani na ubani wenu. Mwanangu hakuchukuliwa na Mhabeshi. Mwanangu kauawa na homa, na kufuli ya zahanati, na maji yaliyokataa kujaa. Mwataka jina? Jina lake Maryamu. Maryamu! Mulikula mbuzi wake mukalisahau? Asiyeweza kulitaja asinikalie kitandani pangu. Tokani!"

Walitoka. Wa mwisho alikuwa Bi Esha, kwa kuwa Mama alikuwa amechukua ufagio na Bi Esha alitaka kuhakikisha kwamba ni ufagio kweli. Mwalimu aliliacha kombe lake dirishani, akaondoka kabla ya wote.

Nikiwa mkweli, hasira zangu hazikuisha siku ile. Kufuli ile ninayo mpaka leo. Nikipita mlango wowote wa kijani uliofungwa, mkono wanicheza. Lakini kuna kitu kilinitoka tumboni, kikubwa kama kokwa, na nilikaa chini palepale sakafuni kwa sababu miguu ilikuwa haijazoea wepesi. Mkate wa mofa tulioula jioni ile ulinuka pembe, na wa kesho yake, na wa mwezi mzima, na hakuna aliyesamehewa kuula.

Mama aliweka ufagio mlangoni. Hakurudi kitandani. Alikaa kwenye mkeka, mbele ya bibi zangu wawili, akakunja miguu. Bibi Mwanaisha, bila kuulizwa, akaitungua pembe moja iliyobaki. Bibi Zena akalaza koleo chini, akalichukua sinia la shaba, akalipindua mapajani mwake, akaligonga kwa kijiti kulijaribu. Lililia vibaya mno. Wote wawili wakatazama dari. Wakangoja.

Mama alinigeukia mimi kwanza. Haya ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza:

"Hakuna aliyeniliza, mwanangu. Nalikuwa nacheka. Nikaona haya kucheka na Maryamu yuko ardhini, ndipo nikajifunika. Na kweli alikuwa na mato mazuri, na ilikuwa haki yake aambiwe. Kipigo chako cha pembe kiko palepale, usijidanganye. Haya, mama zangu. Kafika mlangoni pa msikiti, godoro mgongoni, imamu kageuka kamwona. Kisha?"